Video ya Mazishi Iliyogoma Kufika Mpitimbi

Matogoro, Alhamisi asubuhi. Mwendesha bodaboda alishusha mlangoni kwangu kiroba cha maharage, akasema kimetoka Mpitimbi kwa shangazi Otilia, ni cha Mzee. Mzee ni baba yangu. Tulikuwa tumeshamzika tangu mwezi uliopita, hapo hapo nyuma ya nyumba, mahali shamba linapoanza kupandia msituni, na shangazi alikuwa anajua. Kila mwaka akivuna humpelekea kaka yake maharage ya kwanza kabla yeye mwenyewe hajapika. Mwaka huu akapeleka vilevile, kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilikaa nacho kile kiroba barazani nikikitazama. Kukipika sikuweza, kukirudisha sikuweza. Nikampigia Dafrosa, binti wa shangazi, ambaye ndiye anayeishi naye na kumhudumia.

"Dada Skola, mimi nimemwambia," akasema. "Nimemwambia mjomba hayupo. Ananijibu, mimi sijaona. Hajalia hata chozi, dada. Juzi anamwambia jirani, mguu ukipona nitakwenda kumwona kaka."

Shangazi hakufika mazishini. Siku zile alikuwa amelazwa, mguu umefungwa plasta kuanzia pajani. Mimi ndiye niliyemwahidi kwa simu kwamba mazishi atayaona yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu tulikuwa na mtu wa kurekodi. Niliahidi kwa kujiamini kabisa. Nilidhani kazi ni kurekodi, na kwamba kutuma ni kubonyeza tu.

Hapa naomba ndugu wasomaji mnivumilie kidogo, maana siwezi kusimulia safari bila kusimulia walionitoa nyumbani. Ni hizi huduma za mtandaoni za kuhifadhi na kutumiana picha na video. Nilizijaribu mwezi mzima, na majina yake halisi siyataji kwa sababu sitaki kesi. Nimezipa majina yangu, na zimeyastahili.

Wa kwanza ni Mkamuaji, yaani ile programu ya ujumbe lilimo kundi letu la ukoo. Sifa yake ni kwamba kila mtu anaye na hata kijijini anapenya. Lakini video ndefu haitaki. Akiipokea huikamua mpaka uso wa mtu unabaki mabaka, na ikizidi kimo chake anaikata. Katika mazishi yote ya baba yangu, kipande alichokubali kukifikisha Mpitimbi ni kile cha watu wakigawiwa wali. Shangazi alikitazama, akauliza, "Kwani kulikuwa na harusi?" Picha za kawaida nazo zilimfika, akazikataa. Alisema hilo ni sanduku, na sanduku anaweza kuonyeshwa la mtu yeyote.

Wa pili nilimwita Bwana Stoo. Hii ni ile hifadhi inayokuja pamoja na barua pepe. Bwana Stoo hakamui, picha unaiweka na kuitoa ilivyo, namsifu kwa hilo. Nikamjaribu kwanza na picha moja ya baba, nione kama Dafrosa ataipata. Akaambiwa aombe ruhusa. Akaomba, nikamruhusu. Akaambiwa sasa aingie kwa nywila. Dafrosa hana nywila. Barua pepe yake alifunguliwa na muuza simu siku aliyonunua simu, na muuza simu alishahamia Tunduru. Nilipotaka kuongeza nafasi ili angalau video ikae kwangu, Bwana Stoo akadai kadi ya benki ya aina ambayo mimi sina, na hela yangu ya kwenye simu haitambui.

Wa tatu ni Tarishi, na huyu ndiye aliyeniuma kweli, kwa sababu nilimpenda. Hataki nywila, hakamui, haombi ruhusa. Unampa mzigo, yeye anakupa kiungo, unamtumia unayemtaka naye anabonyeza tu. Video yenyewe ilikuwa kwa Fulgensi, mtoto wa mama yangu mdogo, mwenye duka la steshenari Peramiho. Yeye ndiye aliyerekodi. Akaipakia kwa Tarishi, kiungo kikaenda kwa Dafrosa. Nikalala usingizi mzuri. Kumbe Tarishi hukaa na mzigo wiki moja tu, kisha anautupa, na jambo hilo kaliandika kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo hata mimi mwenye miwani sikuziona.

Na wiki ile Mpitimbi hawakukifungua kile kiungo. Nilimuuliza Dafrosa kwa nini, nikijitahidi sauti isipande.

"Dada, huo ni msiba," akanijibu. "Tungemfungulia mama peke yake, kama anaangalia taarifa ya habari? Tuliwaambia watu wa jumuiya yetu ya kanisa, wakasema tumalize kuvuna mahindi, tukae naye wote, tusali, tupike, ndipo aone."

Siwezi kuwalaumu. Pale msiba haufunguliwi na mtu mmoja. Hata barua ya msiba zamani ilisomwa watu wakishakaa. Waliowangoja ni binadamu wenzao, Tarishi hawakujua kwamba naye ana haraka zake. Siku jumuiya iliyoipanga ilikuwa Jumamosi hii, na kiungo kilishakufa. Nikaona hakuna namna, nitakwenda Peramiho mwenyewe niichukue video kwa Fulgensi, niibebe mkononi mpaka Mpitimbi.

Ijumaa, kuelekea Peramiho. Nilimpigia Fulgensi kabla ya kutoka. Akasema, "Wewe njoo tu, dada." Sauti yake haikunipendeza, lakini nilikuwa nimeshavaa koti. Baridi ya asubuhi Songea msimu huu mnaijua. Garini nilipata kiti dirishani, na njia nzima nilikuwa nikisoma simuni masharti ya huduma nyingine ya albamu za familia, moja ambayo mwenzangu wa ofisini anaisifu. Mtandao ulikatika nikiwa kwenye kifungu cha kuniambia kwamba kwa kukubali nimewapa haki ya kuzitumia picha zangu. Uliporudi, simu ikaniuliza kama nimekubali. Nikaifunga, nikatazama mashamba ya mahindi makavu yaliyobaki mabua.

Peramiho, kabla ya adhuhuri. Duka la Fulgensi liko jirani na njia ya kwenda hospitali, ana mashine ya fotokopi, kitambaa cha buluu cha kupigia picha za paspoti, na kompyuta moja anayoifunika kwa taulo. Fulgensi ni mtu mzima mwenye familia, mpole, anaimba besi kwenye kwaya ya parokia. Aliponiona akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Video iko wapi, Fulgensi?"

"Dada, kaa kwanza."

"Nitakaa ukishaniambia."

Akaniambia. Kompyuta ile nafasi yake ni ndogo, na mavuno yakiisha harusi zinafuatana kila wiki. Tarishi alipomwandikia kwamba mzigo umekwisha kupokelewa, Fulgensi alielewa umepokelewa na Dafrosa. Akafuta kwenye kamera, akafuta kwenye kompyuta, akaenda kurekodi sendofu ya bibi harusi. Mzigo ulikuwa umepokelewa na Tarishi mwenyewe.

Nilikasirika mpaka nikahisi masikio yanawaka. Sikumkasirikia yeye sana. Nilikasirikia ile lugha ya kuambiwa kila kitu kimefanikiwa. Imefanikiwa kwa nani? Baba yangu alizikwa mara moja, hatutamzika tena ili Fulgensi arudie kurekodi.

"Iko sehemu moja," akasema haraka. "Niliiweka kule kwenye chaneli yangu ya video. Nilificha, wageni hawaoni."

Huduma hiyo nimeipa jina la Ukumbini, maana kila mtu duniani anapeleka video zake huko. Kwa haki kabisa, Ukumbini hakuna shida ya nafasi. Unaweka bure, hawafuti baada ya wiki, na picha inabaki safi. Fulgensi akafungua. Nikaiona nyumba yetu, nikaiona miti ya Matogoro nyuma yake, nikawaona kaka zangu wamebeba jeneza. Nikamwona mama kashikiliwa na wanawake wawili, kinywa kiko wazi. Sauti hakuna.

"Ongeza sauti," nikamwambia.

"Sauti wameitoa, dada. Wanasema wimbo una mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Kuna kwaya iliurekodi ikauweka huko. Mashine yao ikisikia wimbo ule, inazima."

"Wimbo ule tunauimba tangu bibi yangu yuko hai."

"Mimi najua. Mashine haijui."

"Na wameuzima wimbo, au wameyazima mazishi yote?"

"Yote. Nililalamika. Wakanijibu asante kwa kuwasiliana nasi."

Mahubiri ya padre yamo humo. Salamu za rambirambi za watu wa Mpitimbi waliokuja kwa lori zimo humo. Mama akilia yumo humo, kanyamazishwa. Niliuliza kama hakuna huduma nyingine ya maana, maana Fulgensi biashara yake ni hii. Akasema ipo, ya kulipia kila mwezi, haikamui, haifuti, na sauti haigusi.

"Nikiacha kulipa?"

"Wanakupa muda kidogo, halafu wanafuta."

"Kwa hiyo baba yangu nimlipie kodi ya pango."

Tukaanza kuishusha ile video bubu kutoka Ukumbini, kwa sababu hatukuwa na nyingine. Kengele ya adhuhuri ya abasia ya watawa ikalia, mstari wa kushusha ukiwa haujafika nusu. Mke wake akatuletea ugali na dagaa, tukala. Umeme ukazimika, mstari ukaanza mwanzo. Tukanywa chai. Wateja wakaja kupiga picha za paspoti, wakapigwa, wakaondoka na picha zao mkononi, zimekauka, bila nywila wala ruhusa ya mtu, nikawaonea wivu. Jioni ndipo ikaisha kushuka, na Fulgensi akaiweka kwenye laptopu ya kuazima. Akasema kesho atanipeleka Mpitimbi kwa pikipiki yake, duka atalifunga. Sikumkatalia.

Jumamosi, kwenda Mpitimbi. Nilirudi kulala nyumbani, akanichukua Songea mjini asubuhi, laptopu nimeipakata ndani ya koti kama mtoto. Barabara ilikuwa vumbi tupu, na kila tukipita kwenye shimo Fulgensi aliuliza, "Ipo?" nami namjibu ipo. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia shangazi. Nimemletea nini, baada ya mwezi mzima? Kaka yake akizikwa na watu wasiotoa sauti. Niliogopa kwamba akiona vinywa vinachezacheza tu atasema hiyo nayo si kweli, na kwamba ataendelea kumtumia baba salamu mpaka naye afe.

Mpitimbi, saa za mchana. Watu wa jumuiya walikuwa wameshakaa, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, moshi wa jikoni unatoka nyuma ya nyumba. Shangazi Otilia alikuwa kwenye kiti mlangoni, fimbo magotini, amevaa kitenge kipya, kanga begani. Ana pua ya baba, na huwa nasahau mpaka nimwone.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Matogoro? Kaka yangu umemwachaje?"

Watu wakatazama chini. Dafrosa akanishika bega akaniingiza ndani, nikaletewa kikombe cha togwa, na ile togwa sikuimaliza.

Mzee wa jumuiya aliongoza sala, kisha laptopu ikawekwa juu ya kinu kilichogeuzwa, ndani ya nyumba ambako jua halifiki, tukabanana wote. Fulgensi akabonyeza. Nyumba ya Matogoro ikatokea. Shangazi akasogeza kiti. Alimtambua mama, akamtaja. Aliwataja kaka zangu mmoja mmoja. Jeneza likatoka mlangoni.

"Mbona hawasemi?" akauliza.

"Sauti imechukuliwa, mama," akasema Fulgensi.

"Imechukuliwa na nani?"

"Wenye mtandao."

"Wanaifanyia nini?"

Mimi nilikuwa nimejibana ukutani, nimekata tamaa kabisa, nikiwachukia wote, Mkamuaji, Stoo, Tarishi na Ukumbini, jumla jumla. Shangazi akamgeukia Fulgensi.

"Wewe si ndiye uliyepiga hizo picha? Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Hapo walikuwa wanaimba nini?"

Fulgensi akamtajia.

"Imba, basi."

Fulgensi alikohoa, akaanza na ile besi yake, peke yake, kwa aibu. Hakufika mbali. Wanawake wa mkekani waliudaka wimbo, wanaume wakafuata, maana kila mtu mle ndani anaujua tangu utotoni. Waliuimba kwa kutazama midomo ya watu wa Matogoro, wakiona wale wamenyamaza nao wananyamaza. Padre alipotokea, mzee wa jumuiya akazisoma sala za mazishi toka kwenye kitabu chake. Zilipofika salamu za rambirambi, jirani mmoja aliyekuja kwa lile lori akasimama, akasema, "Huyo hapo ni mimi," akayarudia aliyoyasema siku ile, na kwa jinsi ninavyokumbuka safari hii aliyasema vizuri zaidi. Mahali pa mama nilisema mimi. Nilisema alichokuwa anakiita, jina la baba la utotoni, lile ambalo shangazi naye humwitia.

Shangazi hakuondoa macho. Video ikafika mahali familia inapanga mstari kaburini, kila mmoja anachota udongo anatupa.

"Simamisha," akasema.

Ikasimama, mkono wa kaka yangu mkubwa ukiwa hewani.

"Mimi sijatupa," akasema. "Nimezaliwa naye tumbo moja. Wote wametupa, mimi sijatupa."

Akainuka. Dafrosa alitaka kumshika, akamzuia. Alitoka kwa fimbo yake, taratibu, akavuka uwanja mpaka kwenye kishamba cha maharage pembeni ya nyumba, kile kile anakomvunia kaka yake. Akainama kwa shida akachota udongo kwa kiganja. Akaufunga pindoni mwa kanga, akalichana lile pindo kwa meno, akanipa fundo.

"Kamtupie," akasema. "Ukifika uniambie."

Kisha akakaa chini pale pale penye matuta, akalia. Alilia kwa sauti ambayo bila shaka ilisikika barabarani, akimtaja kaka yake kwa Kingoni, na wanawake wakamzunguka wakalia naye. Fulgensi aliegemea pikipiki yake, analia vilevile. Nami nililia, na kusema kweli nilipata nafuu niliyokuwa sijaipata tangu siku ya mazishi yenyewe.

Jumapili, kurudi Matogoro. Mtaniuliza nilijifunza nini, na hizi huduma ipi bora. Nawajibu kama mtu aliyechoka. Kwa salamu na picha ndogo, tumieni Mkamuaji. Kwa kuhifadhi, Bwana Stoo, ikiwa mna kadi na mnazikumbuka nywila zenu. Tarishi ni kwa watu wasio na jumuiya ya kungoja. Ukumbini ni kwa wasioimba. Na chochote mtakachochagua, msifute kilichomo mikononi kwa sababu mashine imewaambia umefanikiwa. Mpigieni mtu mmwulize, umeona? Yeye akisema nimeona, hapo ndipo mfute. Video ya baba sasa iko kwenye flashi tatu, kwangu, kwa Fulgensi na kwa Dafrosa, na sauti yake haimo hata kwenye moja.

Fundo la kanga nililiweka mfuko wa ndani wa koti na njia nzima nililipapasa kama msafiri anayepapasa nauli. Nilifika, sikuingia ndani. Nilipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, nikalifungua pale kichwani pa kaburi. Udongo wa Mpitimbi ni mwekundu kuliko wetu, ulionekana wazi juu ya ule wa Matogoro. Simu ikaanza kulia mfululizo, kundi la ukoo, kila mmoja anataka nitume video. Sikutuma. Nikampigia Dafrosa, nikamwomba ampe shangazi simu.

"Shangazi, udongo umefika."

"Wote?"

"Wote."

Nilisikia kuku wa uwanjani kwake, na mtu akitwanga.

"Basi yale maharage," akasema, "yapikeni."